Severina Nandonde na Mwanga Usiounguza

Kabla watu hawajaanza kumwita Dokta Nandonde, Severina alikuwa mtoto wa darasa la nne aliyechapwa kofi kwa sababu ya tone la maji.

Ilikuwa Chilangala, enzi ambazo habari za maji ya bomba kule juu ya uwanda wa Newala zilisikika tu kwenye redio. Wanawake walishuka bondeni alfajiri, wakachota, wakapanda na ndoo kichwani, na walipofika nyumbani jua lilikuwa limekwisha kuwa kali. Mama yake alikuwa mmoja wao. Aliitwa Mama Severina, kwa kuwa Severina alikuwa kifungua mimba wake.

Siku hiyo muuguzi wa zahanati alikuja shuleni na hadubini aliyoifunga kwenye kanga isigongwe njiani. Akaiweka mezani karibu na dirisha, akadondosha tone la maji ya mtungi wa shule juu ya kioo, akawaita watoto mmoja mmoja. Wengi walichungulia, wakacheka, wakaenda zao. Severina aliinama akaganda hapo hapo, mpaka muuguzi akamvuta sikio ili wengine nao wapate zamu.

Nyumbani alikataa kunywa maji.

"Sinywi. Yana wadudu."

"Wadudu gani?" mama yake akauliza. Ndoo alikuwa ametoka kuitua muda huo huo.

"Wana miguu, mama. Wanakimbia."

Mama alimzaba kofi. Kisha akaketi kizingitini akalia. "Nimetoka bondeni na shingo hii," alisema, "leo mtoto ananiambia nimemletea wadudu."

Baba yake, Mzee Petro Nandonde, alikuwa ananoa panga uani. Hakumkemea mtoto wala hakumbembeleza mkewe. Kesho yake alitia maji ya nyumbani kwenye chupa ya soda, akaenda zahanati, akaomba naye aonyeshwe. Muuguzi alicheka, lakini akamwonyesha. Mzee Petro aliporudi alisimama mlangoni.

"Mama Severina, mtoto hakusema uongo. Wapo."

Toka siku hiyo maji ya nyumba ile yalichemshwa. Kwa mama maana yake ilikuwa kuni zaidi, na kuni nazo alizifuata yeye. Kwa siku kadhaa hakuzungumza na mtu yeyote mle ndani. Severina aliniambia miaka mingi baadaye kwamba hapo ndipo alipojifunza jambo ambalo vitabuni hakulikuta: ukishaona kitu, kuna mtu atabeba mzigo wa kuona kwako.

Mimi nilikutana naye kidato cha kwanza, shule ya bweni ya wasichana Masasi. Nimetokea Chiwata, na vitanda vyetu vilipakana. Alikuwa mkimya, Kiswahili chake kizito cha Chimakonde, na wasichana wa mjini walimcheka mpaka wakachoka. Mimi nilivaa miwani. Severina aliiazima kila Jumapili baada ya misa, na nilidhani macho yanamsumbua, kumbe aliishika dirishani aone jinsi jua linavyokunjwa na kioo likaangukia ukutani. Alikuwa anaisogeza mbele na nyuma, polepole, huku mimi nikikaa kitandani nisione hata mlango uko wapi.

Mwalimu wetu wa fizikia, Mwalimu Gasper, alifundisha bila maabara ya maana. Kulikuwa na stoo moja yenye sanduku la lenzi kuukuu zilizoota ukungu. Alipomwona Severina anavyouliza maswali, alimkabidhi ufunguo wa stoo ile. "Safisha utakazoweza," alimwambia. "Zikivunjika, zilikuwa zimekufa tayari." Alisafisha muhula mzima. Zilizopona zilikuwa chache, lakini kwa hizo tuliona mguu wa inzi, na unga wa ua la mkorosho, na mimi nikaona damu yangu mwenyewe.

Baba yake alikuwa akija kumtembelea kila kipupwe kikikaribia kwisha. Wakati huo ugonjwa wa ubwiriunga ulikuwa umeishika mikorosho ya uwanda wote, na dawa yake ilikuwa salfa, ule unga wa njano unaopulizwa kwa mashine ya kubeba mgongoni. Mzee Petro alipuliza shamba lake, kisha akapuliza mashamba ya wenzake kwa ujira, kuanzia kijiji cha Makote hadi kwingineko, tangu mikorosho inapoanza kuchanua hadi inaposhika. Ujira huo ndio uliokuwa ada ya Severina. Alikuja na ming'oko, ile mizizi ya porini, iliyochemshwa kwenye kikapu, na kope zake zilikuwa na unga wa njano ambao maji hayakuutoa. Alikuwa akikohoa. Sote tulimsikia akikohoa, na sote tulidhani ni kikohozi cha mzee anayevuta tumbaku, ingawa tumbaku hakuvuta.

Severina alifaulu akaenda chuo kikuu Dar es Salaam, akasoma fizikia darasani ambamo wasichana wangeweza kukaa benchi moja wakaenea. Kutoka hapo alipata nafasi ya kusoma Ujerumani, katika maabara ya watu wanaotengeneza hadubini kubwa. Mimi nilirudi Masasi kufundisha. Yaliyompata huko nayajua kwa kuwa alinisimulia, tena kwa kirefu, wakati ambao hakuwa na mtu mwingine wa kumsimulia.

Profesa wake alikuwa mzee asiyependa maneno. Wiki ya kwanza alimkalisha mbele ya mtambo akamwonyesha seli hai. Severina aliiona ikitambaa, ikijinyoosha, ikijikunja. Alifurahi. Lakini kabla hajamaliza kufurahi, seli ile ilianza kunywea, ikatoa malengelenge, ikatulia.

"Imekuwaje?" aliuliza.

"Mwanga wetu umeiunguza," profesa alijibu. "Ili uone kitu kidogo hivi unahitaji mwanga mkali, na mwanga mkali unaua."

"Kwa hiyo tumeiua?"

"Ndivyo tufanyavyo sote. Tunatazama maiti, kisha tunaandika habari za walio hai."

Profesa alilisema kwa kawaida tu, kama mtu anayetaja hali ya hewa. Severina hakulala vizuri kwa siku nyingi. Alipopewa nafasi ya kuchagua utafiti wake, alichagua hilo: namna ya kuona bila kuua.

Wazo lake, nikilisema kwa lugha yangu ya mwalimu wa jiografia, lilikuwa hivi. Hadubini za kawaida zinamwaga mwanga kutoka juu au chini, seli yote inaogelea ndani yake, hata sehemu ambazo hazitazamwi. Yeye alitaka kuupitisha mwanga ubavuni, mwembamba kama karatasi, uguse tabaka moja tu la seli kwa muda mfupi mno, kisha uhamie jingine, na kompyuta iyaunganishe matabaka. Wengine walikuwa wamekwisha kulijaribu jambo hili kwa vitu vikubwa zaidi. Yeye aliutaka mwanga wenyewe uwe hafifu kupita walivyothubutu wao, na kitu chenyewe kiwe kidogo kupita walivyothubutu.

Miaka ikaenda. Picha zake zilitoka kiza tupu. Wenzake walimwonea huruma, kisha wakaacha hata kumwonea huruma. Mkataba wake ulipokwisha alipewa chumba cha chini ya jengo, pamoja na vifaa ambavyo hakuna aliyevitaka. Kuna mtu alitaka kumwoa, ndoa haikutimia, na juu ya hilo hakuniambia zaidi, nami sikuuliza.

Ilikuwa Jumamosi mchana, jengo zima tupu, alipokiona kimelea cha malaria kikiisogelea chembe nyekundu ya damu. Kiliigonga. Kikajigeuza, kikaielekezea ncha yake, kikaingia. Chembe ilitikisika ikatulia, na chini ya mwanga wake iliendelea kuishi. Alitazama hadi Jumatatu mchana, vimelea vilipozaliana ndani yake vikaipasua. Hakuna kitu kilichouawa na mwanga. Kilichokufa kilikufa kwa ugonjwa wake.

Alipiga simu nyumbani. Wakati huo Mzee Petro alikuwa na simu ndogo aliyoibeba shambani.

"Baba, nimekiona kinaingia!"

"Kitu gani?"

"Malaria. Inavyoingia kwenye damu."

Upande wa pili alisikia mashine ikizimwa na baba akikohoa. "Umekizuia?"

"Hapana, baba. Nimekiona tu."

"Basi umeanza," Mzee Petro alisema. "Malizia."

Baada ya hapo mambo yalimjia mbio. Maabara nyingine zilijenga mitambo kwa mfano wa ule wa kwake, akaitwa huku na huko kuhutubia, akavishwa nishani. Akapewa kitengo chake mwenyewe na wanafunzi. Chilangala walioelewa walikuwa wachache. Mama yake akiulizwa mwanawe anafanya kazi gani alijibu, "Anatazama maji huko Ulaya," na mtu hakujua kama anatania au bado ana uchungu.

Simu iliyombadilisha ilitoka kwa mdogo wake, Marko, aliyebaki na shamba.

"Dada, njoo. Baba hamalizi sentensi."

Alikuja. Alimkuta Mzee Petro ameketi juu ya kitanda cha kamba barazani, mabega yamepanda, akiivuta pumzi kama mtu anayevuta ndoo kutoka kisima kirefu. Kwa miezi alikuwa amekunywa dawa za kifua kikuu bila nafuu. Makohozi yake yalipimwa mara kwa mara na hayakuonyesha kitu, lakini dalili zilifanana, na waliomtibu waliona ni heri kujaribu.

Severina aliomba kuchukua sampuli, akaenda nazo Dar es Salaam kwenye maabara ya watu anaofahamiana nao, yenye hadubini ya kutosha. Alitazama mwenyewe. Kioo baada ya kioo, kutwa nzima, na kesho yake tena.

"Nilikuwa naomba nikione," aliniambia. Tulikuwa jikoni kwangu Masasi, akiwa njiani kurudi. "Unaelewa? Mtoto gani anaomba baba yake awe na kifua kikuu? Lakini kifua kikuu kina dawa."

Hakukiona. Akampeleka baba yake hospitali kubwa, akapigwa picha, na daktari akazungumza na Severina pembeni. Kisha wakarudi Chilangala. Nilifuatana naye siku aliyokwenda kumweleza, kwa hiyo haya niliyasikia kwa masikio yangu. Mama Severina alikuwa karibu anachambua mbaazi kwenye ungo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Haya. Umeona nini?"

"Sikuona kitu."

Mzee Petro alitabasamu. Ule ulikuwa uso wa mtu aliyetuliwa mzigo. "Basi sina kitu."

Severina angeweza kuliacha pale. Hakuliacha. "Unacho, baba. Ila si mdudu, ndiyo maana chombo changu hakikumwona. Mapafu yako yamekakamaa. Daktari anasema ni vumbi la miaka mingi. Huenda ni salfa, huenda na moshi umo. Hawezi kuapa."

"Salfa."

"Huenda, baba."

Mzee alisubiri pumzi. "Hakuna dawa?"

"Ipo ya kukupa nafuu. Ya kuyarudisha hakuna."

"Salfa ndiyo iliyokusomesha."

"Najua, baba."

"Basi usilie. Hata ningejua ningepuliza." Akakohoa, muda mrefu, mpaka Marko akaja kumshika mgongo. Alipotulia aliongeza, "Ila ningefunga pua vizuri."

Mama Severina aliuweka ungo chini. "Umekwenda mbali kote kule kujifunza kuona," alimwambia binti yake, bila kupaza sauti, "na hiki hukukiona. Alikuwa akikohoa mbele yako tangu uko Masasi."

Severina alikwenda akakaa chini karibu na mama yake, akaanza kuchambua mbaazi naye.

Mzee Petro alifariki mikorosho ikiwa imechanua. Kaburi lilichimbwa na vijana wa msikitini wakiongozwa na jirani yake, Mzee Ashiru, kwa kuwa yeye na Mzee Petro walikuwa wamepuliza salfa pamoja maisha yao yote. Ashiru naye alisimama kila mara kupumzika, akaegemea jembe, na Severina alimtazama yeye kuliko alivyolitazama jeneza.

Alirudi Ujerumani, lakini alisema akikaa mbele ya mtambo wake haoni swali la kuuliza. Mwaka uliofuata aliacha kitengo chake. Wenzake walikasirika, na walikuwa na haki. Wanafunzi wake walibaki bila mkubwa. Akapata kazi ya kufundisha chuo kikuu Dar es Salaam, na miezi ya kiangazi akahamia Newala.

Alikosea mwanzo. Alileta mtambo mkubwa, akaufunga kwenye chumba cha kupanga pale Newala mjini, akitumaini watu wa wilaya watautumia. Umeme ulikatika ukarudi kwa kishindo, leza ikafa. Ukungu wa uwanda uliingia madirishani kila asubuhi, na masika yalipokwisha lenzi zilikuwa zimeota kuvu. Nilimkuta ameketi katikati ya masanduku, vidole vimechafuka.

"Nimeleta chombo cha nchi nyingine," alisema.

Alipoanza upya hakuanza na damu wala maji. Alianza na hewa. Mwanga wake ule mwembamba wa ubavuni, alioubuni ili kuitazama seli bila kuiunguza, unaonyesha pia chochote kinachoelea ndani yake. Alitengeneza kisanduku cha kubebeka, chenye leza ndogo ya betri na lenzi iliyozibwa isipenye unyevu, na kamera ya kuzikuza chembe kwenye skrini. Yeye na mwanafunzi wake, Faidha, walikibeba hadi Makote mwanzoni mwa msimu wa kupuliza, nami nikaenda kwa kuwa shule ilikuwa imefungwa.

Wakulima walikusanyika kwenye ghala la chama chao cha ushirika. Marko alikuwepo, amekuja na mashine yake mgongoni, bila barakoa. Dada yake alikuwa amempa barakoa tangu mazishi, lakini Marko alizitundika ukutani. "Zinanibana," alikuwa akisema. "Nikishaona vumbi limetua ndipo napita."

Severina aliomba milango ifungwe. Akamwambia Marko akung'ute shati lake la kazi mara moja, kisha wote wasubiri. Vumbi la njano lilifuka, likatua. Tulikaa kimya mpaka watu wakaanza kukohoakohoa kwa kuchoka.

"Limekwisha?" Severina aliuliza.

"Limekwisha," wakajibu.

Akawasha. Karatasi ya mwanga wa kijani ilikata giza la ghala kutoka ukuta hadi ukuta, na ndani yake hewa ilikuwa imejaa. Chembe zisizohesabika zilipanda, zikashuka, zikazunguka, hazina haraka ya kutua. Mwanamke mmoja mbele yangu, Mama Wema, alijifunika mdomo kwa kanga.

"Marko," Severina alisema, "sogea hapa. Pumua."

Marko alisogeza uso kwenye ukingo wa mwanga, akavuta pumzi. Sote tuliona. Chembe zilizokuwa zinazunguka zilijipanga, zikageuka njia, zikamwingia puani na mdomoni kama zimeitwa. Alipotoa pumzi zilitoka chache.

Alirudi nyuma hatua. Akajaribu tena, polepole, akizitazama kwa macho yaliyopindana. Kisha akageuka akatoka nje, akaketi kwenye gunia, na dada yake akamfuata. Mimi nilikuwa mlangoni.

"Ndivyo ilivyokuwa kwa baba?" aliuliza.

"Ndivyo."

"Miaka yote ile?"

"Miaka yote ile, Marko."

Msimu ule Makote walipuliza wengi wakiwa na barakoa, na chama kiliziweka pamoja na salfa, anayechukua moja achukue na nyingine. Sitasema wote. Mzee Yassini alisema amekwisha kuzeeka, hana cha kulinda, na wapo vijana wanaozitundika shingoni kama mapambo. Mwaka uliofuata baadhi ya watu walihamia dawa za maji, ambazo zina madhara yake, na Severina hawafichi hilo. Mzee Ashiru alimfuata rafiki yake kabla ya mavuno. Marko alipimwa: mapafu yake yameanza kuharibika, lakini yamewahiwa. Siku hizi analima, anapalilia, anaokota korosho, ila mashine ameiuza.

Mama Severina bado yu hai. Hamwonyeshi binti yake upole mwingi, lakini kiangazi kikianza yeye ndiye anayemfagilia chumba na kumchemshia maji.

Kazi aliyo nayo Severina sasa ni ndefu kuliko zote. Katika maabara yake Dar es Salaam anakuza seli za mapafu, anazipa chembe za salfa, kisha anazitazama kwa mwanga wake hafifu zikiwa hai, siku baada ya siku. Ameona zinavyozimeza chembe, na zinavyohangaika nazo. Anataka kujua ni hatua gani ambapo seli inashindwa, na kama kuna njia ya kuirudisha kabla haijafika hapo. Faidha amebaki naye, na sasa yeye pia ana wanafunzi wake.

Mwaka jana nilikuwa Chilangala alipofika na mizigo yake. Marko alimpokea barabarani, akambebea sanduku, akapumzika katikati ya njia ya nyumbani.

"Dada," alisema, "hao watakaofunga pua watapona. Na sisi tuliokwisha kuivuta salfa?"

"Bado sijui."

"Utajua?"

Severina alishika mpini wa pili wa sanduku. "Natafuta," alimjibu, na wakalibeba wawili, polepole, kwa mwendo wa Marko.